Matunda Kila Siku: Kiasi Gani Kinatosha?



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kasike, viatu vya kazi na maski ya vumbi. Leo tuseme juu ya sahani. Mara nyingi, kwenye dispansera, mufanyakazi au bibi yake anatuuliza hivi: «Munganga, munasema tule matunda. Ni vema. Lakini mangapi? Na mutu wa franga kidogo afanye namna gani?» Swali hilo ni la haki. Kumuambia mutu «kula matunda» bila kumupa kipimo ni sawa na kumuambia dereva wa kamyo «tia mafuta» bila kumuonyesha tangi ni ya lita ngapi.

Tuweke jibu mbele, kusudi kila mutu alishike. Kwa siku moja, mutu mukubwa ale gramu 400 za matunda na mboga pamoja, au zaidi. Hicho ndicho kipimo cha Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS). Gramu hizo tuzigawanye katika sehemu tano, kila sehemu gramu 80. Kwetu hapa Kolwezi, ambako mboga ya majani inafuatana na bukari karibu kila siku, namna nyepesi ya kufika pale ni hii: sehemu tatu za mboga, na sehemu mbili za matunda.

Matunda mawili kwa siku. Ni hayo tu.

KIPIMO NI MUKONO WAKO

Hatuna haja ya mizani jikoni. Funga ngumi yako na uiangalie. Tunda moja lenye ukubwa wa ngumi ni sehemu moja. Kwa mufano, kila kimoja cha hivi ni sehemu moja ya matunda:

– chungwa moja la kadiri;
– ndizi moja ya kadiri, au ndizi ndogo mbili;
– kipande kimoja kizuri cha papayi;
– nusu ya embe kubwa, au embe moja dogo;
– nusu ya avoka;
– kipande kimoja kinene cha nanasi;
– mapera mawili madogo;
– masuku, mpundu au mafungo yanayojaza kiganja.

Ndiyo, hata matunda ya pori yanahesabiwa. Watu wengine wa mujini wanayazarau na kusema ni chakula cha watoto wanaochunga mbuzi. Mwili hauulizi kama tunda limetoka katika magazini au katika pori. Unachukua kilicho ndani.

Kwa mboga, vijiko vitatu vikubwa vya lenga-lenga, matembele au sombe iliyokwisha kupikwa ni sehemu moja. Lakini muangalie: muhogo, viazi na mahindi havihesabiwi hapa. Hivyo ni chakula cha nguvu, ndugu za bukari. Mutu aliyekula viazi vitamu vitatu amekula vizuri, lakini hesabu yake ya matunda na mboga bado iko sifuri.

Tufanye hesabu ya jamaa moja: baba, mama na watoto wanne. Watu sita, kila mutu sehemu mbili za matunda, ni sehemu 12. Papayi kubwa, ikiisha kumenywa na kutolewa mbegu, ikibaki na gramu 800 za nyama, inatoa sehemu kumi. Ongeza ndizi mbili, hesabu imetimia kwa nyumba nzima. Wala si karamu. Ni papayi moja na ndizi mbili.

KWA NINI BUKARI NA SOMBE HAVITOSHI PEKE YAO

Wengine watasema: «Babu zetu walikula bukari na walifanya kazi nguvu. Matunda ni ya nini?» Babu zetu walikula pia matunda ya pori na mboga mubichi za shamba. Na wale waliotolewa pori na kupewa unga peke yake, tunajua kilichowapata.

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika migodi ya zahabu ya Afrika ya Kusini na ya Rhodesia ya Kusini, ambayo leo inaitwa Zimbabwe, wafanyakazi walipewa posho ya unga wa mahindi zaidi, na nyama na mboga kidogo sana. Wengi walishikwa na ugonjwa unaoitwa skorbuti. Nyama ya meno inavimba na kutoa damu, meno yanalegea, miguu inauma na kupata madoa ya damu chini ya ngozi, kidonda cha zamani kinafunguka tena, nguvu zinaisha. Wengi walikufa. Watu hawa walikuwa wachimbaji kama sisi, na tumbo lao lilikuwa limeshiba. Kilichokosa si unga. Ni vitamini C.

Ugonjwa huu mabaharia walikuwa wakiujua tangu zamani. Watu wa Vasco da Gama wa Ureno, walipopita pwani ya Waswahili katika mwaka 1498, walikuwa wagonjwa hivyo hivyo. Katika safari ya kurudi kutoka India, chombo kilikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu kama 30 walikufa. Walipofika Malindi mwezi wa kwanza wa mwaka 1499, kitu ambacho wagonjwa walikitamani sana ni machungwa, na mutu alitumwa inchi kavu kuyatafuta. Katika mwaka 1747, munganga wa Uingereza James Lind alitwaa mabaharia wagonjwa 12, akawagawanya wawili wawili, akawapa kila kundi dawa yake. Wale wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipona upesi kupita wote. Hata hivyo ilipita karibu miaka 50 mbele ya serkali ya Uingereza kutoa amri ya kupatia mabaharia wote maji ya malimau, katika mwaka 1795.

Sasa turudi kwenye meza yetu. Unga wa mahindi hauna vitamini C. Unga wa muhogo mukavu karibu hauna. Samaki kavu hana. Na mboga yetu? Majani mabichi ya muhogo yako nayo nyingi, lakini vitamini C inaogopa moto na maji ya kuchemka. Sombe inatwangwa na kupikwa muda murefu, na hiyo ni lazima, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotakiwa kutoka. Musipunguze kupika sombe! Mujue tu kwamba wakati sufuria inapoepuliwa, vitamini C nyingi imekwisha kupotea, hata kama mafaa mengine yamebaki.

Hapo ndipo tunda linachukua nafasi yake. Katika nyumba nyingi za Kolwezi, tunda ndilo chakula karibu cha peke kinacholiwa bila kupita motoni. Ukiliondoa, hakuna kingine kinacholeta kazi yake.

Tena mwili hauna gala kubwa ya vitamini C. Mutu asipopata kabisa, gala inakauka katika mwezi mumoja mpaka mitatu. Kwa hiyo kula maembe kumi siku ya mushahara na kukaa bila tunda mpaka mushahara mwingine si njia nzuri. Moja leo, moja kesho, ndiyo dawa. Haba na haba hujaza kibaba.

DAMU, MACHO NA TUMBO

Vitamini C inafanya kazi ya pili, kubwa sana kwa wamama. Maharagi na mboga za majani zina chuma, na chuma ndicho kinachosaidia kutengeneza damu. Lakini chuma cha mimea kinaingia mwilini kwa shida. Ukila tunda lenye vitamini C pamoja na chakula hicho, chuma kinaingia vizuri zaidi. Basi chungwa, kipande cha papayi au mapera viliwe pale pale pamoja na maharagi, si saa nne baadaye. Chai ya rangi inafanya kinyume: inazuia chuma. Chai ingoje saa moja au mbili.

Embe lililoiva na papayi vina rangi ya manjano ndani. Rangi hiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mutoto kushindana na magonjwa. Mutoto anayejigonga kwenye viti jua likiisha kushuka, apelekwe kwa munganga upesi. Vitamini A iko pia katika mboga za majani na katika mafuta mekundu ya ngazi.

Na baba anayefanya kazi ya kukaa siku nzima juu ya mashini, tumbo linafunga, choo kinakuwa kigumu: matunda pamoja na maji ya kutosha yanasaidia kufungua njia.

Musidanganyike juu ya bei: tunda la bei kubwa si lazima lipite lingine. Mapera, ambayo watoto wanayachuma bure barabarani, yana vitamini C kupita machungwa mara tatu na zaidi. Ndizi inatoa nguvu, lakini vitamini C yake ni kidogo. Kwa hiyo, ikiwezekana, moja la matunda yako mawili liwe pera, chungwa, papayi, embe au nanasi.

WATOTO NA WAMAMA WAJA WAZITO

Mutoto mudogo mbele ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Asipewe maji ya machungwa, hata kijiko. Akitimiza miezi sita, aanze kupata papayi, ndizi au avoka iliyopondwa vizuri, pamoja na uji na chakula kingine, huku akiendelea kunyonya.

OMS katika mwaka 2023 imetoa vipimo vya watoto: tangu miaka 2 mpaka 5, gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, maana yake sehemu tatu, tangu miaka 6 mpaka 9, gramu 350, maana yake sehemu nne na kidogo. Tangu miaka 10, mutoto anahesabiwa sawa na mukubwa. Kwa wadogo, tumia ngumi ya mutoto mwenyewe: inakua pamoja naye.

Mama muja muzito ale matunda yake mawili bila kukosa, yeye kupita wote. Musimukataze nanasi. Nanasi lililoiva, likiliwa kwa kadiri, halitoi mimba.

Na wewe baba, usiseme «matunda ni ya watoto» halafu unaona aibu kula papayi mbele ya wageni. Mwili unaobeba kasike na lampi unahitaji matunda sawa na ule unaobeba mufuko wa masomo. Anayevuta tumbaku anahitaji vitamini C zaidi tena.

MWAKA UKO NA MIEZI 12

Shida ya kwetu ni kwamba mvua inapoanza maembe yanaoza chini ya miti, na katika kiangazi watu wanasema hakuna kitu. Kitu kiko. Mwisho wa kiangazi na mwanzo wa mvua, pori linatoa mafungo, mpundu na masuku. Halafu maembe. Mvua ikielekea mwisho, mapera na avoka. Katika miezi ya baridi, machungwa, mandarini na ndimu. Ndizi na papayi zinapatikana karibu mwaka muzima. Mama anayejua kalenda hii ananunua tunda la musimu, na tunda la musimu ndilo bei yake inashuka.

Maembe yakizidi, yakateni vipande vyembamba, muyakaushe chini ya kitambaa safi, mbali na barabara. Vitamini C nyingi itapotea, lakini sehemu ya vitamini A itabaki.

Kwenye kiwanja chako panda papayi. Panda miti mitatu au mine pamoja, kwa sababu mingine inakuwa madume na haizai. Ikipata jua na maji, inaanza kuzaa kisha mwaka mumoja au kupita kidogo.

VUMBI NA MAJI

Hapa tunarudi kwenye usalama kabisa. Sisi tunakaa juu ya udongo wa shaba na kobalti. Katika mwaka 2018, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao wa mutaa wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, ambako watu walichimba mashimo katikati ya nyumba. Waliokaa pale walikutwa na kobalti katika mukojo kupita watu wa mutaa mwingine, na watoto walipita wakubwa. Vumbi linaingia kwa pua, lakini linaingia pia kwa kinywa, juu ya vidole na juu ya chakula.

Basi tushike sheria hizi:

1. Osha kila tunda kwa maji safi mbele ya kulimenya, hata lile lenye ganda. Kisu kinachokata ganda lenye vumbi kinapeleka vumbi ndani.

2. Kazini, kwenye posti ya muchana au ya usiku, nawa mikono kwa sabuni mbele ya kugusa chungwa lako. Usilibebe katika mufuko wa nguo ya kazi. Libebe katika mufuko safi uliofungwa.

3. Usinunue papayi au nanasi lililokatwa tayari na kuachwa wazi kando ya barabara ya makamyo. Nunua zima, ukate nyumbani. Hii ni kwa ajili ya vumbi, na ni kwa ajili ya kolera na homa ya tumbo pia. Wakati kolera iko mujini, maji ya kuoshea matunda yachemshwe kwanza.

4. Usipande mboga wala miti ya matunda juu ya udongo uliotoka katika mashimo, wala kando ya mufereji wa maji ya kiwanda. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Hakuondoi metali iliyopanda kwa mizizi. Majani ndiyo yanaivuta kupita matunda.

MANENO YA WATU

«Maembe yanaleta malaria.» Hapana. Malaria inaletwa na mbu. Maembe yanaiva wakati mvua inapoanza, na mbu nao wanazaana wakati huo huo katika maji yaliyosimama. Wamefika pamoja, lakini embe halina kosa. Mutoto akipata homa, mupeleke kupimwa damu, na umulaze ndani ya mustikero. Embe bichi lililoliwa kwa wingi linaweza kuumiza tumbo, lakini hilo ni jambo lingine.

«Maji ya ndimu, au maziwa, yanasafisha mapafu ya muchimbaji.» Hapana, ndugu yangu, na uongo huu unaua. Tunachokunywa kinaenda tumboni. Vumbi la mawe liko katika mapafu, na likiisha kukaa pale hakuna tunda wala maziwa ya kulitoa. Maski na maji ya kulowesha mwamba ndivyo vinakulinda. Kula chungwa lako, na vaa maski yako.

«Sukre ya machungwa ni sawa na chungwa.» Hapana. Chupa nyingi za sentilita 33 zina sukari ipatayo gramu 35, karibu vijiko vidogo saba. Hata maji ya matunda halisi uliyokamua mwenyewe, bilauri moja ndogo inahesabiwa sehemu moja tu, hata ukinywa nne. Tunda zima linashiba. Maji yake yanapita mbio. Siku moja sokoni, linganisha bei ya sukre moja na ya fungu la ndizi, utajionea.

Mugonjwa wa sukari anaweza kula matunda, lakini ayagawanye: moja asubui, moja jioni, mazima, bila kuyakamua. Mwenye ugonjwa wa mafigo aulize munganga kwanza, kwani ndizi na machungwa vinaweza kumuzuru.

KATA UKURASA HUU, UUBANDIKE JIKONI

– Kila siku: matunda mawili, mboga sehemu tatu.
– Kipimo: ngumi ya yule anayekula.
– Tunda pamoja na maharagi au mboga, chai baadaye.
– Kuosha, kumenya, kukata: kwa namna hiyo hiyo, kila mara.
– Kama leo uwezo ni wa tunda moja, kula hilo moja, na kesho utafute la pili.

Kuna nyumba ambako mwisho wa mwezi hata unga unahesabiwa kwa kopo. Tunajua. Huko ndiko muti mumoja wa papayi nyuma ya jiko una bei kubwa kupita mahali pengine popote. Mwenye mbegu amupe jirani. Mbegu za papayi moja zinatosha barabara nzima.

Musaidizi wa munganga